Asilimia 99 ya Nini? Hotuba Kuhusu Uandishi wa Utafiti wa Usalama wa Mtandao

Mwenyekiti wa kikao, waandaaji, wahadhiri, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na ninyi wenzetu mnaokesha mbele ya skrini mkisubiri kengele ya mfumo ilie: habari za asubuhi, na asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa niseme juu ya utafiti wa usalama wa mtandao. Nimechagua sehemu ambayo wengi wetu huifanya usiku wa mwisho kabla ya tarehe ya kuwasilisha, macho mekundu na subira imekwisha, yaani kuandika ripoti. Naamini sayansi yetu huvuja zaidi hapo kuliko maabara. Jaribio linaweza kufanyika vizuri kabisa, lakini likiandikwa kwa namna ambayo msomaji hawezi kulikagua, kwake yeye limekuwa tangazo. Kwa hiyo leo nitatumia kipimo kimoja tu: je, ripoti yako inampa msomaji asiyekupenda vya kutosha kukuonyesha ulipokosea?

Tuanze na asilimia 99. Makala nyingi kuhusu mifumo ya kugundua uvamizi hufungua muhtasari kwa kutuambia kuwa mfumo una usahihi wa asilimia 99 na desimali zake. Msomaji anapumua. Mnunuzi anatoa kalamu. Mimi huuliza, asilimia 99 ya nini?

Tufanye hesabu pamoja. Namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, kila mtu anaweza kuweka za kwake. Tuseme mtandao wa taasisi fulani unapitisha matukio 1,000,000 kwa siku, na kati ya hayo 20 ni mashambulizi ya kweli. Mfumo wetu unakamata asilimia 99 ya mashambulizi, na matukio safi unayashuku kimakosa kwa asilimia 1 tu. Nani atalalamika? Mashambulizi yote 20, au 19, yatanaswa. Lakini asilimia 1 ya matukio safi ni karibu 10,000. Mtu wa zamu ataletewa kengele kama 10,020 kwa siku moja, na za kweli ni 20, yaani moja katika kila 500 hivi. Kufikia saa nne asubuhi atakuwa ameshazima sauti.

Sasa tengenezeni mfumo wa pili usiofanya kazi yoyote. Kila tukio unalijibu: salama. Katika mtandao huohuo, mfumo huu mvivu una usahihi wa asilimia 99.998. Umeushinda wa kwanza, na haujawahi kukamata mtu.

Jambo hili si jipya. Stefan Axelsson alilieleza mwaka 1999 kwa kanuni ya Bayes, ile ya hesabu za uwezekano, akaonyesha kwamba kinachoamua manufaa ya mfumo wa kugundua uvamizi ni kiwango cha kengele za uongo, kwa sababu mashambulizi ni machache mno ukilinganisha na shughuli za kawaida. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado tunaandika "usahihi" peke yake kwenye muhtasari, kana kwamba hesabu ile iliandikwa kwa fani nyingine. Mtu anayetaka kusema ukweli ana namba nyepesi za kutoa: mashambulizi yalikuwa mangapi na matukio safi mangapi, katika kengele 100 ngapi ni za kweli, na kwa siku moja mtu wa zamu ataletewa kengele ngapi za bure. Kisha aseme kama uwiano wa mashambulizi katika data yake unafanana na uwiano wa mtandao halisi. Ukifanya majaribio kwenye data ambayo nusu yake ni mashambulizi, sema hivyo waziwazi, maana hakuna mtandao unaoishi namna hiyo ukabaki hai.

Hapo tumefika kwenye data yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1998, maabara ya MIT Lincoln, kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, ilitengeneza mtandao wa kuigiza, ikapitisha humo shughuli za kawaida na mashambulizi, ikaandika kila kilichopita. Mwaka uliofuata, data iliyotokana na kazi hiyo ikatumika katika mashindano ya uchambuzi wa data yaitwayo KDD Cup 1999. Ilikuwa zawadi kubwa kwa watafiti, kwa sababu kabla yake kila mtu alikuwa akipima kwa data yake ya siri. Waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Lakini mwaka 2000 John McHugh alichapisha uhakiki mkali wa jinsi data ile ilivyotengenezwa na kutumiwa. Mwaka 2003 Mahoney na Chan wakagundua kitu cha kuchekesha, kama kisingekuwa cha kusikitisha. Kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data kinachosafiri mtandaoni, hubeba namba inayopungua kila inapopita ruta. Katika data ambayo maabara hiyohiyo iliitoa mwaka 1999, katika awamu ya pili ya kazi ile, thamani 126 na 253 zilionekana kwenye pakiti za mashambulizi tu, ilhali shughuli za kawaida nyingi zilikuwa na 127 na 254. Mashine inayojifunza haina haja ya kuelewa uvamizi ni nini. Inasoma namba moja tu na kushinda mtihani. Halafu mwaka 2009 watafiti wengine wakahesabu rekodi zinazojirudia katika data ya KDD: takriban asilimia 78 ya zile za kufundishia na asilimia 75 za kupimia. Mfumo ulikuwa ukiulizwa maswali yaleyale mara nyingi.

Wanafunzi wengi mlioko humu hamkuwa mmezaliwa data ile ilipotolewa. Na bado inaletwa kwenye makala, ikisindikizwa na sentensi moja: "tulitumia data inayotumika sana". Kutumika sana ni sababu ya kuichunguza zaidi. Simkatazi mtu kutumia data ya zamani, hasa anayefundisha darasa la kwanza. Ninachotaka kuona kwenye ripoti ni aya inayoeleza data imetoka wapi, ni ya mwaka gani, ina kasoro gani zinazojulikana, na mtafiti alifanya nini kuhakikisha mfumo wake haujajifunza kasoro hizo badala ya mashambulizi. Njia moja rahisi: ondoa kwenye data sifa unayoishuku, kama ile namba ya pakiti, rudia jaribio, toa namba zote mbili. Zikibaki karibu sawa, umempa msomaji sababu ya kukuamini. Zikianguka, umejua jambo kabla ya mnunuzi wako kulijua.

Na nani aliyeweka alama kwamba hiki ni hatari na hiki ni salama? Ukiniambia faili fulani ni programu hasidi, yaani iliyotengenezwa ili kudhuru, nataka kujua ni nani aliyesema hivyo. Watafiti wengi hupeleka faili kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako antivirus nyingi huipitia kwa pamoja, na kila moja hutoa jibu lake. Sasa, faili ulilihesabu hasidi kuanzia antivirus ngapi? Moja? Nne? Kumi? Majibu uliyachukua tarehe gani? Antivirus hubadili mawazo, na faili iliyoonekana safi leo inaweza kuitwa hasidi mwezi ujao. Hii ni nusu sentensi tu ya kuandika, na bila hiyo hakuna anayeweza kurudia kazi yako.

Tarehe zina hila nyingine. Mwaka 2019, kundi la watafiti lilichapisha kazi inayoitwa TESSERACT. Walichukua programu za Android takriban 129,000 zilizokusanywa kwa miaka mitatu, wakaonyesha kuwa matokeo mazuri ya kugundua programu hasidi hushuka sana ukiheshimu kalenda. Tunachozoea ni kuchanganya data yote kama karata, kisha kuigawa: hii ya kufundishia, hii ya kupimia. Kwa kufanya hivyo mfumo unafundishwa kwa programu za kesho na kupimwa kwa za jana. Katika maisha, mshambuliaji hakutumii sampuli zake za mwaka ujao. Kwa hiyo ripoti iseme: sampuli za kufundishia zinaishia tarehe gani, za kupimia zinaanzia tarehe gani, na uwezo wa mfumo ulikuwaje kadiri miezi ilivyosonga. Mchoro unaoteremka una thamani zaidi kwangu kuliko namba moja iliyosimama imara bila kalenda.

Msidhani haya ni makosa ya vyuo vidogo au ya wanaoanza. Mwaka 2022, Daniel Arp na wenzake walipitia makala 30 za miaka kumi kutoka mikutano mikubwa ya fani yetu, zote zikitumia mashine zinazojifunza. Walikuwa na orodha ya mitego kumi. Kila makala ilikuwa imenasa kwenye mitego isiyopungua mitatu. Upendeleo katika kuchagua sampuli ulionekana, kwa kiasi au kikamilifu, katika asilimia 90 ya makala. Data ya kupimia kuvujia kwenye mafunzo, katika asilimia 73. Nilichokipenda ni kwamba waliwatafuta waandishi wa makala zile na kuwauliza maoni yao. Huo ndio uungwana wa kitaaluma ninaoutaka, unakosoa kazi ya mwenzako huku umemshirikisha.

Tuache mashine zinazojifunza. Kuna fazingi, ile kazi ya kuirushia programu maelfu ya ingizo za ovyoovyo hadi ianguke, kisha kuchunguza imeangukia wapi. Kazi nzuri mno, imefichua udhaifu mwingi wa kweli. Lakini ni kazi ya bahati nasibu. Endesha fazingi leo, upate mianya mitano. Endesha kesho kwa mipangilio ileile, upate miwili. Mtu akiandika kwamba chombo chake kimekishinda cha mwenzake, na kila kimoja alikiendesha mara moja, ametuambia habari za siku hiyo. Mwaka 2018, Klees na wenzake walipitia makala 32 za fazingi wakakuta kasoro katika upimaji wa kila moja. Walihimiza majaribio yarudiwe mara nyingi, yaendeshwe muda mrefu, saa 24 zikiwa kiwango cha kuanzia, na tofauti zipimwe kitakwimu. Mwaka 2024 kundi jingine likapitia makala 150 zilizofuata na kujaribu kurudia kazi 8. Mazoea mengi yaliyokemewa yalikuwa bado hai. Kwa hiyo tatizo si kwamba hatuambiwi.

Katika eneo hilohilo kuna tabia ya kuhesabu CVE, namba za udhaifu uliosajiliwa, kama vikombe vya ubingwa. "Tumepata CVE 14." Orodha ya CVE, tangu ilipoanza mwaka 1999, kazi yake ni kuupa kila udhaifu namba ya utambulisho ili tujue sote tunazungumzia kitu kimoja. Idadi haisemi ukubwa wa hatari, wala kama mwenye programu alikubali kwamba huo ni udhaifu. Ukitaka kutoa namba hizo, toa na majibu ya waliotengeneza programu.

Sasa nije kwenye jambo linaloitofautisha fani yetu na nyingine. Mtu anayepima mvua hapimi kitu kinachomwangalia. Sisi tunapima mtu anayetusoma, anayebadili mbinu pindi tunapochapisha. Ripoti isiyoeleza adui ni nani imeacha nusu ya jaribio nje. Anajua nini kuhusu kinga yetu? Ana kompyuta ngapi, muda gani, fedha kiasi gani? Anataka nini? Kisha swali gumu zaidi: mwandishi mwenyewe alijaribu kuivunja kinga yake kwa muda gani, na kwa njia zipi?

Mwaka 2018, Athalye, Carlini na Wagner walichukua kinga 9 za kulinda mashine zinazojifunza dhidi ya ingizo za hila, zote zikiwa zimekubaliwa mwaka huo katika ICLR, mkutano mkubwa wa watafiti wa mashine zinazojifunza. Saba zilitegemea kuficha njia ambayo mshambuliaji huifuata, na kati ya hizo walizivunja 6 kabisa na 1 kwa sehemu. Waandishi wa kinga zile walikuwa watu makini. Walizipima kwa mashambulizi yaliyokuwepo, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kinga nyingine, wakaona zimehimili. Kipimo cha haki ni shambulio lililoshonwa kwa ajili ya kinga hiyohiyo, na mshonaji awe anajua kila kitu kilichomo ndani yake. Kwa hiyo naomba tuanze kuona kwenye ripoti sehemu yenye maneno kama haya: tulimpa mwenzetu ambaye hakushiriki kuijenga, akaishambulia kwa wiki kadhaa, haya ndiyo aliyoyapata. Hata kama aliivunja. Hasa kama aliivunja.

Hesabu za hasara nazo zinanisumbua, pengine kuliko yote, kwa sababu ndizo zinazofika bungeni na kwenye magazeti. Mwaka 2009, Rais Obama, akihutubia kuhusu usalama wa mtandao, alitaja hasara ya wizi wa mali za kiakili duniani inayofikia dola trilioni 1 kwa mwaka uliotangulia. Namba hiyo ilitoka kwenye taarifa kwa vyombo vya habari ya McAfee, kampuni inayouza antivirus. Waandishi wa habari za uchunguzi wa ProPublica walipoifuatilia mwaka 2012, ilidhihirika kuwa haikuwemo ndani ya ripoti yenyewe ya utafiti, na baadhi ya wasomi waliohusika na ripoti ile walishangaa kuisikia. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayeuza kinga ana kila sababu ya kuona hatari kubwa. Simlaumu muuzaji kwa kuuza. Nawalaumu wasomi wanaoinakili namba ile kwenye aya ya kwanza ya makala zao bila kufungua chanzo, na kuipitisha toka makala moja hadi nyingine mpaka inaonekana ukweli.

Hata pale penye dodoso halisi, hesabu inaweza kutudanganya. Florêncio na Herley walilionyesha hili mwaka 2011. Uliza watu 1,000 wamepoteza kiasi gani kwa uhalifu wa mtandao. Watu 999 wakasema sifuri, na mmoja akasema dola 50,000. Wastani ni dola 50 kwa kila mtu. Zidisha kwa watu wazima milioni 200, umepata dola bilioni 10. Bilioni kumi nzima zimetoka kinywani mwa mtu mmoja, ambaye huenda alikosea sifuri moja, au alikuwa anatania. Hasara haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna mtu wa upande wa pili wa kumsawazisha. Ripoti ya hasara ioneshe kati ya waliojibu ni wangapi walioripoti hasara yoyote, na jumla inabaki kiasi gani ukimwondoa yule mkubwa kuliko wote. Mkiona ripoti haisemi hivyo, msiinukuu. Tafadhali.

Kuhusu kumtaja mshambuliaji nitapita haraka, kwa kuwa wengi wenu hamfanyi kazi hiyo. Virusi vilivyoitwa Olympic Destroyer, vilivyovuruga ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018, vilikuwa na alama zilizofanana na za kundi la wadukuzi liitwalo Lazarus. Watafiti wa kampuni ya usalama ya Kaspersky walionyesha baadaye kwamba sehemu ya alama hizo ilikuwa imepandikizwa makusudi. Hivyo, anayeandika "tunaamini kundi fulani limehusika" atenganishe alichokiona na anachokidhani, na ataje angalau maelezo mengine mawili yanayoweza kufanana na ushahidi uleule, pamoja na sababu ya kuyakataa.

Najua pingamizi linalokuja: data yetu ni ya siri, hatuwezi kuigawa. Mara nyingi ni kweli. Trafiki ya watu ina siri za watu. Lakini siri hutumika pia kama pazia, na tofauti huonekana upesi. Huwezi kutoa programu hasidi yenyewe? Toa heshi zake, zile namba za utambulisho zinazokokotolewa kutoka kwenye faili, mwenye sampuli hizo atazitambua. Huwezi kutoa trafiki? Toa msimbo wako, matoleo ya programu ulizotumia, mipangilio yote, pamoja na data ndogo ya kubuni inayoonyesha msimbo unaendeshwa. Na kama hakuna hata kimoja unachoweza kutoa, sema ni nani aliyekataza na kwa nini.

Maadili nayo ni sehemu ya ripoti. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliingia kwenye mgogoro na wasimamizi wa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, baada ya kujulikana kuwa waliwatumia viraka, yaani marekebisho ya msimbo, vyenye kasoro za makusudi ili kupima kama vitapita. Makala ikaondolewa. Wale wasimamizi walikuwa washiriki wa jaribio bila kuulizwa. Sentensi ya "tulipata ruhusa ya bodi ya maadili" haitoshi. Eleza nani angeweza kuumia, na ulifanya nini asiumie.

Mwisho ni wapitiaji, yaani sisi tunaokagua makala kabla hazijakubaliwa, na hapa nasema na wenzangu wenye nywele nyeupe. Tunawalaumu vijana kwa kupamba namba, na ni sisi tunaokataa makala kwa sababu "matokeo hayavutii". Mwanafunzi anayeandika kwamba mbinu yake ilishindwa baada ya miezi sita ya mchoro kuteremka anatufaa kuliko mwingine mwenye asilimia 99, lakini yupi tunampa nafasi mkutanoni? Mkutano wa USENIX Security umekuwa na kamati ya kukagua msimbo na data za makala tangu mwaka 2020, na mikutano mingine ina utaratibu kama huo. Kazi hiyo nzito hufanywa zaidi na wanafunzi wa uzamivu, kwa kujitolea, na haihesabiki popote wanapoomba ajira. Wakuu wa idara mlioko hapa, mnaweza kuanza kuihesabu kuanzia mwaka huu wa masomo. Haihitaji bajeti.

Nimemaliza yangu. Sasa nasikiliza maswali, na ningependa kuanza na wale waliokuwa wakitikisa kichwa nilipozungumzia fazingi.